Nilivyomwona Baba Mkwe kwa Ndani

Mimi ni mwosha kamera. Si kamera za harusi, hizo zingekwisha kunitajirisha. Naosha ile kamera ya hospitali, nyeusi, nyembamba kama kidole na ndefu kuliko nyoka yeyote niliyewahi kumkimbia, ambayo daktari huipitisha mdomoni au kwa mlango wa nyuma ili atazame tumbo kwa ndani. Watu wetu wa Bariadi huiita mpira. Utawasikia kwenye benchi wakiulizana, "Umeshaingizwa mpira?" "Bado, kuna bwana anauosha." Huyo bwana ndiye mimi.

Niliingia pale nikiwa mfagizi mwenye elimu ya darasa la saba. Siku moja tukaambiwa anatafutwa mtu wa kuosha vifaa, lakini awe na cheti cha kidato cha nne. Nikaenda kukitafuta. Kwa miaka mitatu nilitoka kazini saa kumi, nikala kiporo, nikapanda baiskeli kwenda masomo ya jioni, nikajikunja kwenye dawati lililochongwa kwa ajili ya mtoto, magoti yakiwa usawa wa masikio. Wenzangu darasani waliniamkia shikamoo kabla ya kuniazima rula. Mwalimu wa fizikia alikuwa mdogo kuliko baiskeli yangu.

Katika fizikia yote nilielewa mada moja, ila hiyo niliielewa mpaka na yenyewe ikanielewa: kuelea. Mwalimu alileta ndoo ya maji, akazamisha jiwe lililofungwa uzi, akampa kila mmoja wetu uzi ule aushike, tuone kwamba hata jiwe likiwa majini huwa jepesi kuliko likiwa nje. Nilirudi nyumbani kama mlevi. Wiki nzima nilizamisha kila kitu kilichokuwemo ndani ya nyumba, mpaka mke wangu akaficha redio. Sikujua kwamba ile ndoo ingekuja kunitumikia ukweni.

Baba mkwe wangu anakaa upande wa Mwanhuzi, kule kwenye ukavu. Ana ng'ombe wengi kiasi kwamba wa mbele wakifika lamboni, wa nyuma bado wanapiga miayo zizini. Ni mtu mrefu, mkimya, na katika ukoo wao mkwe wa kiume hamsogelei baba wa mke. Unamheshimu kwa mbali, kama moto. Huketi naye mkeka mmoja, huli naye sahani moja, na neno lolote linalohusu mwili, lile la kuoga, la choo, la nguo za ndani, halipiti kati yenu hata nyumba ikiungua. Kwa miaka kumi na minane ya ndoa yangu, mimi na yeye tulikuwa tumezungumza mambo matatu: mvua, ng'ombe na pamba. Na pamba tuliigusia mara moja tu.

Basi mwaka juzi mzee akaanza kuona damu chooni. Hakumwambia mtu. Dada yake, ambaye ni shangazi wa mke wangu na ndiye anayekaa naye tangu mama mkwe afariki, aligundua mwenyewe, akapiga kelele zilizosikika hadi Binza. Mzee akapelekwa Mwanza, akaingizwa mpira, wakamkuta na uvimbe ndani ya utumbo mpana. Haukuwa saratani bado, ila ni wa aina ile ambayo ukiachwa unaweza kugeuka. Tena ulikuwa bapa. Ule wenye shina, unaoning'inia kama embe, daktari huuvisha kitanzi cha waya akaukata kwa umeme, kazi imekwisha. Huu ulikuwa umelala ukutani kama chapati kwenye kikaango. Wakamwambia pengine itabidi apasuliwe tumbo, kikatwe kipande cha utumbo, ncha mbili zishonwe.

Mzee akasimama, akavaa kofia yake.

"Sijaona ng'ombe aliyepasuliwa tumbo akarudi malishoni," akasema, akaenda kituo cha mabasi.

Miezi ikapita. Damu haikuacha. Mke wangu akawa anaamka, anakaa kitandani anatazama ukuta, na mimi nikawa natunga vichekesho ambavyo hakuna aliyevicheka. Kisha ikatangazwa kwamba madaktari bingwa wanakuja kuweka kambi hospitalini kwetu, siku tano, na miongoni mwao yumo mama mmoja bingwa wa matumbo. Siku ya kwanza, nikiwa namkabidhi mpira wake ukiwa unang'aa kuliko sufuria ya bibi harusi, nilimwonyesha karatasi za Mwanza. Akazisoma akiwa amesimama.

"Huu naweza kuutoa kwa njia ileile ya mpira," akasema. "Ila nitautoa chini ya maji."

"Chini ya maji, daktari?"

"Badala ya kujaza utumbo upepo, naujaza maji. Upepo unauvuta ukuta wa utumbo unakuwa mwembamba kama puto, na uvimbe unabanwa unalala. Maji hayavuti. Ukuta unabaki mnene, umekunjana raha mustarehe, halafu ule uvimbe wenyewe unainuka."

"Unaelea!" nikasema kwa sauti ambayo nusura imwamshe mgonjwa kitandani.

Akanitazama. "Ndiyo. Unaelea. Umesomea wapi wewe?"

"Jioni," nikamjibu.

Nilipofika nyumbani Somanda sikuingia kwa mlango, niliingia kwa furaha. Mke wangu alikuwa jikoni anaosha utumbo wa ng'ombe, ule wa taulo. Nikamnyang'anya kipande, nikakitandaza kwenye sinia kavu. "Unaona? Vile vinyweleo vyote vimelala. Ukitaka kukata kimoja utakishikia wapi?" Kisha nikakizamisha kwenye beseni. Vinyweleo vikasimama vyote kama majani baada ya mvua, vinacheza. "Sasa je? Unaona nafasi ya kupitisha uzi chini yake? Ndivyo watakavyomfanyia baba. Bila kisu. Bila kumpasua."

Akatazama lile beseni muda mrefu. "Na akiuliza nani kamwambia, nisimwambie habari ya utumbo wa ng'ombe," akasema, akajifuta macho kwa kiwiko.

Habari ikasafiri kwa njia yake. Mimi kwa mke wangu, mke wangu kwa shangazi kwa simu, shangazi kwa mzee zizini. Jibu likarudi kwa njia ileile. Mzee amekubali, lakini mara moja tu. Ikishindikana anarudi kwa ng'ombe wake na asifuatwe na mtu, awe daktari, awe mtoto wake. Na jambo la pili: yule mkwe wa Bariadi asikanyage ndani ya hicho chumba.

Sikukasirika hata kidogo. Ningekuwa yeye ningesema hivyohivyo, tena kwa mayowe.

Alifika nyumbani kwetu siku ya nne ya kambi pamoja na shangazi, amevaa koti la heshima, ameshika fimbo mkono mmoja na kibuyu cha mtindi mkono wa pili. Nikamwamkia nikiwa hatua sita.

"Mwadila, baba."

"Mwadila. Mvua je?"

"Ndogo, baba."

"Huku kwenu angalau."

Hapo mazungumzo yetu ya siku yakawa yamekwisha. Kibuyu kikatundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango wa chumba tulichompa, na hakuna aliyekijali, maana Msukuma kusafiri na mtindi ni sawa na mwingine kusafiri na soksi.

Sasa kesho yake utumbo ulitakiwa uwe mtupu na safi kama korongo baada ya mafuriko. Nilichukua karatasi ya daftari nikaandika maagizo yote kwa mwandiko wangu wa masomo ya jioni, ule ambao mwalimu alisema unafaa kuandikwa kwenye kuta za benki. Asile chochote. Anywe maji, chai ya rangi, sharubati iliyochujwa mpaka unaona kidole upande wa pili. Maziwa hapana. Uji hapana. Dawa ya unga ichanganywe na maji anywe yote, na akienda chooni aangalie kama kinachotoka ni angavu kama maji. Nikapiga mstari chini ya kila neno. Nikampa mke wangu.

Mke wangu alisoma mpaka kwenye choo, akanirudishia.

"Mimi nimwambie baba yangu atazame choo? Una akili?"

"Basi nimwambie mimi?"

Tulicheka wote wawili, kwa hofu. Akaipeleka kwa shangazi. Shangazi hasomi, ila ana kumbukumbu ya tembo, kwa hiyo mke wangu akamsomea yote haraka haraka, akimeza yale maneno ya aibu. Shangazi naye akaenda mlangoni kwa kaka yake. Nilimsikia kwa masikio yangu, nilikuwa uani.

"Wamesema usile kitu mpaka kesho. Na hii dawa uimalize."

"Ee," mzee akajibu.

Karatasi yangu nzima, yenye mistari yote, ikawa imebaki maneno hayo. Nikasikia, na nikanyamaza. Nilijiambia kwamba anayekatazwa kula amekatazwa yote. Ukweli ni kwamba niliona aibu kwenda kusimama mlangoni pake nikaongeza neno. Hilo tu.

Asubuhi iliyofuata ilikuwa siku ya mwisho ya kambi. Nilikuwa nimechemsha maji mengi, nikayapoza yakawa vuguvugu, nikayapanga kwenye madumu safi. Nikaunganisha pampu ndogo inayosukuma maji kupitia mpira, nikaijaribu mara tatu. Kisha nikajifungia kwenye chumba changu cha kuoshea, ambacho kimetenganishwa na chumba cha daktari kwa mlango mmoja tu. Nikakaa juu ya ndoo iliyofunikwa. Nilisikia kila kitu.

Nilimsikia muuguzi akiuliza, "Baba amekula lini mara ya mwisho?"

"Hajala tangu jana asubuhi," shangazi akajibu, akijivuna kana kwamba kufunga kule kulikuwa kwake yeye. "Hata punje."

"Na kunywa?"

"Dawa yenu alimaliza yote. Chungu! Akawa anashushia na maziwa."

Nikasikia kalamu ya muuguzi ikiwekwa mezani.

"Maziwa gani, shangazi?"

"Mtindi. Wa kwake mwenyewe, si wa kununua. Jana mchana, jana jioni, na leo alfajiri kidogo tu, kibuyu kiishe."

"Si mliambiwa asile?"

"Sasa mwanangu," shangazi akasema kwa upole wa mtu anayemweleza mgeni, "maziwa yanaliwa?"

Pale juu ya ndoo nilijiona nimepungua mpaka ningeweza kuingia ndani ya ndoo yenyewe na kufunikwa. Hakuna mtu Mwanhuzi, na huenda hakuna mtu Simiyu nzima, ambaye angesema mzee amekula. Mtu anayekunywa maziwa hajala. Anaweza kuchunga siku nzima kwa kibuyu kimoja, jioni akaulizwa umekula, akajibu kwa ukweli mtupu, bado. Mimi nililijua hilo, nimelelewa nalo. Ndiyo sababu niliandika "maziwa hapana" na kupiga mstari. Kisha nikaacha lipotee njiani.

Daktari akavuta kiti, nikasikia miguu yake ikikwaruza sakafu.

"Baba," akasema, "tatizo ni hili. Dawa ya usingizi siwezi kukupa, maana una maziwa tumboni, yanaweza kupanda yakakuingia kwenye mapafu. Naweza kukufanyia ukiwa macho. Kwa maji si maumivu makali kama kwa upepo, utasikia kujaa na kuvutwa. Lakini lazima utulie. Au tuache, uende Mwanza wiki nyingine."

Wiki nyingine. Mke wangu alikuwa nje kwenye benchi, na namjua, alikuwa amekunja kanga mikononi kama kamba. Sote tulijua hakuna wiki nyingine. Alisema mara moja, na mzee yule hasemi mara mbili.

"Nimekuja," mzee akasema. "Ng'ombe akishafika majini hageuzwi. Endelea."

Wakaanza. Kwa muda sikusikia kitu ila pampu yangu ikinguruma. Kisha daktari akasema taratibu, "Sioni. Maji yanageuka meupe." Mtindi ulikuwa umetanda kwenye kuta kama chokaa. Anasukuma maji safi, yanachafuka, anayavuta yatoke, anasukuma mengine. Anavuta, anasukuma. Ile pampu ilitengenezwa kwa kazi ya kusafisha lenzi, siyo ya kufua utumbo wa mtu mzima. Ikanguruma, ikapiga kikohozi, ikanyamaza. Harufu ya waya ulioungua ikapita chini ya mlango.

"Tunahitaji mabomba ya sindano," daktari akasema. "Yale makubwa. Mtu asukume kwa mkono, bila kukatiza, bila kuingiza mapovu. Povu moja likiingia linakaa juu ya lenzi, sioni kitu." Muuguzi alikuwa ameshika kitanzi cha waya, hawezi kukiachia. "Nani anajua kusukuma bila mapovu?"

"Mwosha kamera," muuguzi akasema. "Ndiyo kazi yake ya kila siku."

"Yuko wapi?"

"Yuko hapo mlangoni. Lakini ni mkwe wake."

Daktari hakuwa mtu wa huku, ila inaonekana hata kwao wakwe wapo, kwa sababu hakuuliza zaidi. Nikasimama, nikaweka mkono kwenye kitasa, nikauondoa. Nataka niseme ukweli hapa bila kuongeza chumvi: katika maisha yangu sijawahi kusubiri jibu la mtu kama vile.

"Wekeni shuka," mzee akasema hatimaye.

"Baba?"

"Wekeni shuka, kama ukuta. Akae huko. Nione mikono tu."

Wakasogeza vyuma viwili vya kutundikia dripu, wakafunga shuka ya kijani katikati. Nikaingia kinyumenyume, nikitazama dari, mpaka muuguzi akanishika mabega akanigeuza. Mbele yangu kulikuwa na shuka, tundu dogo la kupitishia mikono, madumu yangu, na pembeni, juu, televisheni. Hivyo ndivyo nilivyojikuta mkwe wa kwanza tangu dunia iumbwe aliyekatazwa kumwona baba mkwe kwa nje akaruhusiwa kumwona kwa ndani.

"Mwangaluka, baba," nikasema kwenye shuka, maana singeweza kuingia bila salamu.

"Mwangaluka," shuka ikajibu. "Maji yasiwe baridi."

"Ya vuguvugu, baba."

Nikajaza bomba la kwanza, nikaligonga, nikatoa hewa yote, nikasukuma polepole. Kwenye televisheni kulikuwa na ukungu mtupu, kama asubuhi ya masika kwenye mashamba ya mpunga. Daktari akavuta. Nikajaza lingine. Akavuta. Ukungu ukapungua, ukarudi. Nikaongeza kasi, mikono yangu ikawa kama mashine ya kuchambua pamba, na ndipo ukungu ukazidi kabisa.

"Yaya, yaya," mzee akasema. Hapana.

Daktari akasimamisha mkono. "Inauma, baba?"

"Haiumi. Mnachota vibaya." Alikuwa amelalia ubavu, uso umeelekea televisheni, kumbe muda wote anatazama. "Kiangazi huchimbi mchanga mtoni wewe? Maji ya kwanza ni tope, unayamwaga. Ya pili tope, unayamwaga. Ukifanya pupa unauvuruga mchanga, utamwaga mpaka jua lizame. Unachota pembeni, kidogo. Halafu unangoja. Maji yenyewe yanajisafisha."

Nikamsikia daktari akitabasamu. Kuna watu ukikaa nao karibu unasikia. "Na ng'ombe wanangoja?"

"Ng'ombe wangu wanangoja. Wa jirani hawangoji."

"Haya, tuchote kama baba anavyosema," daktari akaniambia. "Bomba moja, kisha unasubiri nikwambie."

Tukachota hivyo. Nilisukuma bomba moja pole pole, maji yakapita pembeni mwa ukuta na si katikati ya uchafu, nikangoja. Daktari akavuta kidogo, akangoja. Ndani ya ule ukimya nikasikia mluzi, mdogo, wa chini, unapanda na kushuka. Nilidhani ni mashine nyingine inakufa. Alikuwa mzee. Ni mluzi wanaowapigia ng'ombe wakiwa wanakunywa, wasishtuke, wasikanyagane. Alikuwa anaupigia utumbo wake mwenyewe, au anajipigia yeye, sijui. Tumbo likatulia. Hata mikono yangu ikatulia.

Na maji yakasafika. Hayakusafika kidogo kidogo, bali ghafla, kama mtu aliyefuta kioo. Kukawa na pango la rangi ya waridi, lenye mikunjo, limejaa maji angavu, na ukutani, pale ambapo karatasi za Mwanza zilisema umelala kama chapati, uvimbe ulikuwa umeinuka. Ukubwa wake kama kifungo cha koti. Kingo zake zinacheza taratibu majini, kama taulo kwenye beseni la mke wangu. Nusura nipige kelele kama ile siku ya kwanza. Nilijiuma mdomo, maana nilikuwa ukweni.

"Umeelea," daktari akanong'ona. "Sukuma maji sasa. Taratibu sana. Muuguzi, fungua kitanzi."

Waya mwembamba ukatoka kwenye ncha ya mpira, ukafunguka ukawa duara, ukashuka juu ya uvimbe kama kamba inavyoshuka kwenye pembe za ndama. Ukapita kingo zote, ukagusa ukuta upande huu, upande ule. "Funga. Polepole. Simama hapo." Daktari akautingisha kidogo, akahakikisha hakushika nyama ya ndani. "Baba, usipumue kwa nguvu. Sasa hivi."

Mluzi ukakatika.

Daktari akakanyaga kidubwasha cha umeme pale sakafuni. Mapovu madogo mawili matatu yakapanda. Uvimbe ukaachia ukuta, mzima, kipande kimoja, ukaelea peke yake katikati ya televisheni kama jani.

Kisha uzi mwekundu ukatoka pale ulipokuwa, mwembamba, unapanda kama moshi wa sigara. Moyo wangu ulishuka mpaka kwenye kandambili. Daktari hakushtuka. "Uzuri wa maji ni huu," akasema. "Damu inakuonyesha mwenyewe inatokea wapi." Akaufuata ule uzi mpaka kwenye shina lake, akaligusa kwa ncha ya waya, umeme kidogo. Nikasukuma bomba moja la maji safi. Tukangoja. Hakukuwa na uzi tena.

"Imekwisha, baba."

"Mnautupa?"

"Hapana, tunaupeleka kupimwa."

"Nauona ni mdogo," mzee akasema, kama mtu aliyeuziwa akapunjwa. "Kwa kelele zote za dada yangu."

Wakaunasa, wakautia kwenye chupa. Mimi nikatoka kinyumenyume kama nilivyoingia, nikapita mlango wangu, nikasimama mbele ya sinki. Nilipowauliza baadaye wote waliokuwepo nilisukuma mabomba mangapi, waliniambia yapata sitini. Mimi husimulia mia tatu, na kila mwaka yanaongezeka.

Majibu yalichelewa. Katika wiki zile mke wangu hakupika utumbo hata mara moja. Alisema hawezi kuutazama bila kuusalimia. Mzee alikuwa amerudi Mwanhuzi siku ya pili yake, hakuaga kwa maneno, aliinua fimbo tu. Siku majibu yalipofika nilimtafuta daktari kwa simu anisomee, maana mimi macho yalikuwa yanaruka mistari. Uvimbe ulikuwa umeanza kubadilika, akasema, lakini mabadiliko hayakushuka chini, na kingo zote zimetoka safi. Usingengoja mwaka mwingine bila kugeuka saratani. Arudi baada ya miezi sita, aingizwe mpira tena, tutazame kovu.

Arudi. Neno hilo ndilo lililotukwamisha. Alikwisha sema mara moja. Nani angeenda kumwambia? Mke wangu alimtazama shangazi kwenye simu, kama simu ina macho, shangazi akasema yeye hapitishi tena maneno ya hospitali maisha yake yote, yalimwaibisha mbele ya wauguzi.

Kwa hiyo nilikwenda mwenyewe. Nilifika Mwanhuzi mchana, nikamkuta kando ya zizi, nikasimama hatua sita, nikamwamkia. Akaniuliza mvua. Nikamjibu mvua. Akaniuliza ng'ombe wa jirani yangu. Nikamjibu. Kisha nikavuta pumzi nikasema yote, kwa mdomo wangu, bila kumeza neno: kurudi, dawa chungu, choo na rangi ya choo, maziwa hapana, mtindi hapana, hata kidogo cha alfajiri hapana. Nilisema nikitazama kwato za ng'ombe. Nilipomaliza, masikio yangu yalikuwa yanaweza kuchemsha chai.

Mzee alimpiga ndama mgongoni kwa kiganja, akaondoka kwenda kutazama maji. Nikarudi Bariadi nikiwa nimeshamwandalia mke wangu maneno ya kumfariji.

Miezi sita ilipotimia, siku moja kabla ya tarehe, nilikuwa uani nafua koti langu la kazi. Pikipiki ya bodaboda ikasimama nje. Akashuka mzee, peke yake, koti la heshima, fimbo mkono mmoja, kibuyu mkono wa pili. Nikaweka sabuni chini, nikasimama mbali kama ipasavyo.

Yeye hakusimama mbali. Alikuja moja kwa moja mpaka nilipokuwa, akaninyooshea kibuyu kwa mikono miwili.

"Shika," akasema. "Kifungie huko kwako mpaka keshokutwa. Hiki ni chakula."